Tangazo la Gari la Maharusi

Nimewahi kuandika mashairi. Nimeandika pia hadithi fupi mbili ambazo wahariri walinirudishia kwa adabu zote. Lakini tangu nishike kalamu, hakuna maandishi yaliyonitoa jasho kama tangazo la kuuza gari la baba yangu. Lenyewe halikufika maneno mia moja. Nililiandika mara tatu, na kila mara niligombana na mtu: kwanza na Mzee, halafu na kaka yangu, mwisho na nafsi yangu mwenyewe.

Nawasimulia wenzangu mnaohangaika na kalamu kama mimi, maana naona humu kuna kitu kinachotuhusu. Msipokiona, basi mtakuwa mmesoma habari za mkweche mmoja wa Kasulu, na hiyo nayo si hasara kubwa.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, lililoundwa Solihull, Uingereza, mwaka 1968. Hiyo 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Yaani ni lile refu. Injini ya petroli, silinda nne, sisi 2,286. Lakini kwetu Kasulu, na hata kule Kibondo, hakuna aliyeliita Land Rover. Liliitwa Gari la Maharusi, basi. Kama ulifunga ndoa pande hizo kati ya mwaka 2000 na 2014, na wazazi walikuwa wamejipanga, huenda ulikaa kwenye viti vyake vyekundu ukipungia watu mkono.

Baadaye zikaja Mark II na Harrier za kukodi, zenye kiyoyozi, mabibi harusi wakahamia huko. La kwetu likaegeshwa uani chini ya mparachichi, kuku wakataga ndani. Mwaka 2023 kaka yangu, ambaye ni fundi magari Kigoma mjini, akaamua kulifufua. Akafanya ovahoo ya injini, akabadili breki, akapiga rangi upya, ileile ya maziwa na madigadi meusi. Siku lilipowaka, Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama tu.

Halafu mdogo wetu wa mwisho, binti, akapata nafasi chuo cha uuguzi. Ada haikuwepo. Mzee akatuita barazani, kikao cha dakika tano.

"Gari liuzwe," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mwenye maneno, andika tangazo."

Nikaandika. Ndugu zangu, niliandika! Gari la kifahari la kizamani, la kipekee Afrika Mashariki nzima, hali yake ni kama jipya, bodi maalumu yenye kuvutia macho, wahi sasa kabla hujajuta. Nikamsomea Mzee kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza:

"Hilo gari ni la nani?"

"Si la kwako, Mzee."

"Mimi sina gari hilo. La kwangu si kama jipya, lina miaka hamsini na zaidi. Na la kwangu liliundwa na mtu. Katika maneno yako yote sikumsikia mtu."

Nilikasirika, nisifiche. Ila nilijua anamsema nani. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mzee alikuwa dereva wa idara moja ya serikali. Land Rover hilo aliliendesha miaka kumi na moja, mpaka siku dereva mwingine alipoligongesha mti njia ya Makere. Likaachwa nyuma ya ofisi likaota majani. Mwaka 1996 likapigwa mnada, pamoja na baiskeli mbovu na taipureta zisizo na herufi. Mzee akalinunua. Mama hakusema naye wiki nzima. Kijiweni wakambatiza jina, Bwana Chuma Chakavu. Na kweli, alichonunua kilikuwa chesisi, injini, gia boksi na boneti. Kuanzia kioo cha mbele kurudi nyuma hapakuwa na gari.

Wanaolijua Land Rover wanajua siri yake. Chesisi ni chuma, lakini ngozi yake ni alumini. Lilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgawo, alumini ndiyo iliyopatikana kirahisi. Kwa hiyo bodi yake haipati kutu kama ya magari mengine. Raha hiyo ina karaha yake: alumini huwezi kuichomelea kwa mashine ya uchochoroni. Ikichanika ni kukata na kupiga ribiti, na ribiti zikikaa vibaya gari zima linapiga kelele kama debe. Mafundi bati wa Kasulu walikuja mmoja mmoja, wakazunguka, wakakuna vichwa, wakaondoka.

Gari likakaa hivyo miaka mitatu. Mwaka 1999, nikiwa darasa la pili, akaja mtu mwembamba mwenye sanduku la mbao begani. Mzee akatukalisha watoto wote na kutuambia: huyu ni mjomba wenu wa Heru. Mtu yeyote akiuliza, ni mjomba wenu wa Heru. Tukaitikia.

Hakuwa wa Heru. Alikuwa Mrundi, fundi wa bodi za mabasi kule Bujumbura. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi ile ikawaka moto, alivuka mpaka na umati wa wenzake, akaishia kambi ya Mtabila, wilayani kwetu. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu. Wao wakisema sisi tunaelewa bila mkalimani. Ndiyo maana uongo wetu ulisimama. Lafudhi yake ilikuwa ngeni kidogo, lakini hata mtu wa kilima cha pili lafudhi yake ni ngeni.

Kwa nini uongo? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae eneo la kambi alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Mpaka uliotajwa na kila mtu ulikuwa kilometa 4. Kasulu mjini ni mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo fundi huyu, kwa lugha ya makaratasi, hakuwepo kwetu. Alilala stoo, kati ya magunia ya maharage, wiki tatu kwa mpigo, kisha anarudi kambini siku za mgawo wa chakula ili asikose kuonekana. Akaenda na kurudi hivyo miezi tisa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ribiti. Kwanza aliunda kiunzi cha mbao za mninga, kama mtu anayejenga kitanda kikubwa. Kila kiungo alikichonga kwa patasi, msumari hakutaka kuusikia. Juu yake akavika alumini: kiasi kilitoka kwenye mabaki ya gari lenyewe, kiasi kwenye tela lililopinduka ambalo Mzee alinunua kipande kwa kipande. Aliilaza bati juu ya mfuko wa mchanga akaigonga kwa nyundo ya mti, pole pole, mpaka ikajipinda kama tako la chungu. Paa akalinyanyua juu kuliko la kawaida, ili nywele za bibi harusi zisibonyee. Milango ya nyuma akaifanya mipana, inayofunguka kinyume na ya mbele, ili mtu aingie na gauni lake bila kujikunja.

Kwa ndani ya milango alumini haikutosha. Akatumia makopo ya mafuta ya kula ya msaada, yale makubwa ya bati, akayafungua na kuyanyoosha. Makopo hayo kule kambini yalikuwa milango ya nyumba, yalikuwa paa, yalikuwa kila kitu. Nilimuuliza kwa nini anakata vipande vya mpira wa baiskeli na kuviweka kati ya bati la kopo na alumini. Akanijibu kwamba chuma na alumini vikigusana penye maji, kimoja kinamla mwenzake. Lazima uweke mtu katikati wa kuwaamua. Leo hii, miaka zaidi ya ishirini baadaye, kaka alipofungua ile milango alikuta ndani kukavu na kuzima.

Kazi ilipokwisha, mwaka 2000, Mzee alimwambia aandike jina lake mahali, hata chini ya kiti. Fundi alicheka. "Mimi hapa sipo," akasema. Akachukua hela yake na kilo kumi za maharage, akaondoka jioni.

Sasa niwape na habari ya pili, ndipo mtaelewa kwa nini niliandika upya. Miaka michache iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi ambayo sikuipata. Nikabaki na nusu siku ya kupoteza, nikaingia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Miongoni mwa magari ya zamani ya wakuu yaliyowekwa humo kuna Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Nikalizunguka kama wale mafundi walivyolizunguka gari letu.

Niliporudi nikaanza kusoma. Kumbe mpaka Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Rolls-Royce kwa kawaida haikuuza gari zima. Ilikuuzia chesisi na injini. Bodi ukatafute mwenyewe kwa mafundi kama Barker, Hooper, Park Ward au Mulliner. Mafundi hao waliunda kiunzi cha mbao za mti uitwao ash, wakakivika alumini iliyonyooshwa kwa nyundo, kila moja kwa kipimo na matakwa ya mwenye gari. Walipomaliza walipachika kibati kidogo kwenye kizingiti cha mlango, chenye jina lao. Leo magari hayo yakiuzwa, mnunuzi anainama kwanza pale mlangoni kusoma kibati. Jina hilo ni sehemu ya bei.

Nilisoma hayo usiku nikacheka peke yangu. Chesisi tupu, kiunzi cha mbao, alumini, nyundo, milango ya kumfaa atakayekaa. Ni kazi ileile iliyofanyika uani kwetu mbele ya macho yangu. Kilichokosekana ni kibati tu.

Wengine mtasema, Land Rover na anasa wapi na wapi? Lakini anasa ni neno la mahali. Kizazi cha Mzee kilikulia Azimio la Arusha la 1967, neno Wabenzi lilikuwa tusi, na miaka ya uhaba wa mafuta magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Mzee alijifunza kuionea haya anasa. Ila alikuwa na hoja yake: anasa ya mtu mmoja mwaka mzima ni kiburi, anasa ya siku moja kwa kila mtu ni heshima. Binti wa mkulima wa tangawizi alikaa pale alipokaa binti wa mkurugenzi, kiti kilekile chekundu, pazia lilelile, na mbao ya mninga mbele yake iking'aa. Asiye na hela kamili alilipa kuku na mkungu wa ndizi.

Basi nikaandika tangazo la pili. Humo nikaweka ukweli wa gari: mwaka, injini, mbao, alumini, milango inayofunguka kinyume. Nikaweka na kasoro: gia ya pili inagoma asubuhi, na chesisi imewahi kuchomelewa upande wa kushoto nyuma ya tairi. Kaka akasoma akaruka.

"Dogo, unaua dili! Nani kakutuma useme mambo ya chesisi?"

"Si kweli imechomelewa?"

"Imechomelewa na mimi, tena vizuri. Mteja akija ataona mwenyewe. Wewe unamwonyesha jeraha kabla hajamwona mgonjwa."

Tukabishana mpaka Mama akatufukuza barazani. Mzee akaamua: kasoro zibaki. Alisema mtu atakayepanda na mkewe mlima wa kwenda Kibondo ana haki ya kujua chesisi ilikoungwa. Kaka akasusa chakula cha usiku, asubuhi akala mara mbili.

Yakabaki maneno ya fundi. Hapo ndipo nilipogombana na nafsi yangu. Jina lake nalikumbuka, la kwanza na la pili. Nilitaka niliandike waziwazi, herufi kubwa, kama kibati cha Waingereza. Nikampelekea Mzee karatasi ya tatu. Akaishika, akavaa miwani, akasoma, akachukua kalamu yangu na kulifuta.

"Lakini Mzee, si wewe uliyesema humsikii mtu?"

"Nilisema mtu. Sikusema umtaje."

Akanieleza jambo nililolijua nusu tu. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Warundi zaidi ya 30,000 walirudishwa kwao katika wiki chache za mwisho, na fundi wetu alikuwa miongoni mwao. Mzee alikwenda kumuaga, wakaonana kwa mbali tu. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, watu wakavuka upya, kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena. Mwaka 2016, Mzee alipokwenda Kibondo kwa shughuli zake, alizunguka soko lililo jirani na kambi akiulizia fundi wa bodi mwenye sanduku la mbao. Alikwenda mara mbili. Hakumpata.

"Hujui aliko," akasema. "Hujui anaishi na nani, wala jina hilo likimfikia litamfikia na nini. Jina la mtu si ribiti, ukaligonga popote."

Nilikwenda kulala na hasira. Nikiwa kitandani nikajiuliza swali ambalo nawaachia na nyinyi: nilitaka jina lile kwa faida ya nani? Kusema kweli, lingeyapendezesha maandishi yangu. Mjomba wa Heru angekuwa pambo langu, kama zile taa za kromu wanazofunga watu kwenye magari yao ili wapigwe picha. Asubuhi nikaandika hivi, na Mzee akakubali:

"Linauzwa Land Rover 109 la mwaka 1968, maarufu kwa jina la Gari la Maharusi. Injini imefanyiwa ovahoo 2023. Gia ya pili ni nzito likiwa la baridi. Chesisi imechomelewa nyuma kushoto, njoo uone. Bodi si ya kiwandani: imeundwa kwa mkono, kiunzi cha mninga na alumini, Kasulu, 1999 hadi 2000, na fundi wa bodi kutoka Burundi. Bei ni milioni 12, maelewano yapo."

Wakajitokeza wawili wa maana. Wa kwanza ni bwana mmoja kutoka Arusha, mkusanyaji wa Land Rover za zamani. Alikuja na tochi, akalala chini ya gari kwa heshima zote, akatoka na tabasamu. Milioni 12, taslimu, hapunguzi hata senti. Kisha akasema, bila ubaya wowote: "Bodi hii nitaing'oa, Mzee wangu. Nataka kulirudisha orijino."

Mzee akauliza orijino ni nini. Yule bwana akaeleza vizuri tu, lilivyokuwa siku lilipotoka Solihull. Mzee akaitikia kwa kichwa, akamwagizia chai, akamwomba siku mbili.

Wa pili alitoka Kibondo. Ana duka la pembejeo, na yeye na mkewe walifunga ndoa na gari hilo mwaka 2006. Anataka kulirudisha kazini, anasema vijana sasa wamechoka na Harrier, wanataka kitu chenye historia. Bodi haigusi. Ila ana milioni 8 tu; 5 leo, 3 baada ya mavuno ya maharage.

Hesabu haihitaji shule. Kaka alisema Arusha. Mama alisema Arusha. Nami niliyeandika maneno yote yale juu ya mninga na nyundo, nilisema Arusha. Ada ya mdogo wangu ilikuwa na tarehe, na milioni 4 si utani. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyenyamaza, kwa sababu alijua yeye ndiye tunayempigia hesabu.

Mzee akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, ambao kaka alikuwa hajaurudishia kitambaa kwa ndani. Pale bati la kopo lilikuwa wazi, na herufi za msaada bado zinasomeka, kichwa chini miguu juu. Akasimama hapo muda, akarudi.

"Tano zinatosha ada ya mwaka huu?"

"Zinatosha na kubaki," kaka akajibu kwa shingo upande.

"Basi liende Kibondo."

Siku lilipoondoka lilikuwa limeoshwa. Mzee aliomba tangazo langu, lile la tatu, akalikunja ndani ya mfuko wa nailoni na kulichomeka nyuma ya kikinga jua upande wa dereva. Akamwambia mwenye mali mpya lisitolewe hapo, hata akiuza kesho. Yule bwana akaapa. Miaka hii lami imeanza kuifuta ile njia nyekundu ya Kibondo, hivyo hatukupata hata vumbi la kulitazama likipotea. Liliteremka, likapiga honi, likaisha.

Mdogo wangu yuko chuoni. Maharage ya msimu huu yamechelewa kwa ajili ya mvua, na milioni 3 zile bado hazijaja. Mzee hana wasiwasi. Mimi ninao, na kila nikikutana na basi la Kibondo stendi nauliza kama kuna bahasha.